Kambi ya vita ya kuigiza Tabora: tuijenge au tuiache?

Mwana Kwihara: Wana Tabora, mwangaluka. Wazo hili nililitoa kijiweni nikazomewa, basi nalileta hapa. Tutafute kiwanja nje ya mji, tujenge kambi ya askari kama zilivyokuwa mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: mahema, mahandaki, mafiga, tarumbeta alfajiri, vijana wamevaa sare. Mgeni alale humo usiku mmoja. Mji huu ulitekwa tarehe 19 Septemba 1916 na jeshi la Wabelgiji, na waliopigana pande zote mbili wengi wao ni Waafrika: askari wa Kongo huku, askari wa Mjerumani kule. Nani leo analijua hilo?

Mtoto wa Ipuli: Kaka, vijana wetu wavae sare ya Mjerumani hapa hapa Unyanyembe? Ngome ya Mtemi Isike ilishambuliwa na Wajerumani mwaka 1892 ikagoma kuanguka. Ilivunjwa Januari 1893 na ofisa wao Tom von Prince, na Isike akalipua baruti akiwa ndani. Jenga hiyo kwanza. Hayo mahema yako yatasubiri.

Mwana Kwihara: Kuonesha si kusifu, ndugu yangu. Na ngome ya Isike naitaka pia, sijaikataa.

Fundi wa Ng'ambo: Mimi naangalia tumbo. Mgeni akilala, atakula, atapanda bodaboda, atanunua asali. Jengeni chochote.

Binti Kanyenye: Nyote mnazungumzia wenye bunduki. Kambi ile ilifikaje ilipofika? Risasi, unga, dawa, hata kitanda cha ofisa, vyote vilibebwa na watu. Reli ilifika hapa mwaka 1912, lakini vita havikufuata reli, na ndorobo iliua wanyama wa mizigo. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, wengi hata kaburi hawana. Na kati yao walikuwamo Wanyamwezi, ambao kabla ya hapo upagazi ulikuwa kazi ya fahari: mtu anakwenda pwani na pembe begani, anarudi na nguo, anaoa. Vita vikaigeuza kazi ile kuwa ya kukamatwa kwa nguvu. Pale Kwihara tunaoneshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Waliombebea mizigo walilala wapi? Sijawahi kusikia mtu akiuliza.

Mwana Kwihara: Hapo umenishika, dada. Tuongeze kibanda cha wapagazi pembeni.

Binti Kanyenye: Pembeni tena! Kiwe mlangoni. Na kiingilio kisiwe hela peke yake: mgeni abebe frasila mbili, kama kilo 32, kutoka barabarani mpaka kwenye mahema.

Fundi wa Ng'ambo: Aa, hapo mtanifukuzia wateja. Mgongo wa mzungu nani ataulipia?

Mtoto wa Ipuli: Kilo 32 nakubali. Sare ya Mjerumani bado sijakubali.