Mjadala: Mashine za kutafuta metali ufuoni, ziruhusiwe au zipigwe marufuku?

Mleta mada, Malindi
Hamjambo nyote. Kuna kijana mtaani kwetu kapewa na mjomba wake mashine ya kutambua metali, ile nyepesi yenye duara upande wa chini. Jioni maji yakitoka hupita nayo ufuoni. Juzi walinzi wa hoteli moja walimfukuza wakimwita mwizi wa turathi, na mfukoni alikuwa na shilingi kadhaa, vifuniko vya soda na hereni moja! Mimi nasema aachwe. Pete ya mtalii iliyoanguka mwaka jana imekuwa turathi lini? Uingereza wana sheria ya hazina tangu 1996: anayeipata hutoa taarifa ndani ya siku 14, na jumba la makumbusho likiitaka, yeye na mwenye shamba hulipwa. Dhahabu ya Staffordshire iliyopatikana kwa mashine mwaka 2009 ilithaminiwa zaidi ya pauni milioni 3. Sisi tunajua kukataza tu.

Fundi redio, Mambrui
Mnaogopa kitu msichokijua. Mashine hiyo hutoa nguvu ya sumaku inayobadilikabadilika, metali iliyo chini ikaitikia, ndipo ikalia. Sasa maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa huifanya ipige kelele bure, na hapa kwetu mchanga wa mto Sabaki una chembe nyeusi zenye chuma. Sarafu ikizama zaidi ya shubiri moja, mashine ya bei nafuu haiisikii. Karatasi ya pakiti ya sigara na pete ya dhahabu zaweza kutoa mlio mmoja. Mwacheni atuokotee takataka.

Binti wa Shela (ya Lamu, si ya Malindi)
Kaka, kwa hereni sina neno. Ninachoogopa ni kwamba mwenye mashine akichoka na vifuniko vya soda atauliza Wareno walipita wapi, na kila mtu atamwonyesha magofu. Kule Takwa, kisiwani Manda, pana kaburi la mnara ambalo watu wa Shela huenda kuomba dua ya mvua. Nani atakubali mtu apite hapo na masikio ya redio akisikiliza kilicho chini?

Tena sheria ipo, ya mwaka 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale. Kutafuta vitu vya namna hiyo kwa kuchimba kunahitaji leseni, na ukiviona kwa bahati unatakiwa kutoa taarifa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7.

Mwakumbuka sarafu ya Kichina iliyopatikana Manda mwaka 2013, ya mfalme Yongle, yenye tundu la mraba katikati? Mwenye kununua shaba asingeitolea hata hela ya chai. Thamani yake ni kwamba ilitolewa na watu walioandika ilikuwa tabaka gani la udongo na ililala na nini. Na kwenye magofu ya Shanga, kisiwani Pate, zilitoka sarafu za fedha ndogo mno zenye majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii hii. Mtu akizichomoa usiku akaziuza moja moja, tutabaki kuambiwa tena kwamba kila kitu chetu kililetwa na wageni.

Nahodha, Mokowe
Mimi nitasema jambo moja tu. Tangu shambulio la kigaidi la Mpeketoni 2014, huku kwetu mtu anayeonekana porini akichimba mashimo hataulizwa habari za turathi. Ataulizwa ametega nini.

Mleta mada, Malindi
Dada yangu, nani kataja Takwa? Mimi nimesema ufuo. Kaunti ingetoa kibali cha bei ndogo, mwisho wake pale maji yanapofika yakijaa. Mashimo yafukiwe, magofuni usiku na mchana asionekane mtu.

Mvuvi, Ngomeni
Kwani bahari haitemi vya kale? Hapa Ngomeni ilizama meli ya Wareno, zikapatikana pembe za ndovu na vipande vya shaba. Nyinyi mnabishana juu ya kibali, mimi nauliza habari ya tumbo. Sheria yasema vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali. Sawa. Mvuvi akiokota kipande cha shaba, mnunuzi wa vyuma vikuukuu atampa pesa leo leo. Akikipeleka Makumbusho atapewa nini? Asante? Leteni huo utaratibu wa Waingereza wa kulipa, vitu vitajitokeza vyenyewe hata bila mashine.

Binti wa Shela
Mzee wangu, hapo nakuunga mkono, nusu. Alipwe aliyekiona kwa bahati akakiacha mahali pake akaja kusema. Aliyekwenda na mashine kukitafuta, akachimba, asipewe hata senti, maana tukimlipa yeye kesho kila kijana wa Manda atanunua yake.

Fundi redio, Mambrui
Na utajuaje nani kaona kwa bahati? Kila mtu atasema alijikwaa.

Binti wa Shela
Shimo litasema. Ndiyo maana nataka kiachwe pale pale.

Mvuvi, Ngomeni
Haya, mwanangu. Na yule aliyeko mbali kisiwani Kiwayuu, amekiacha mchangani, ana siku 7 za kufika Lamu mjini kusema. Mafuta ya boti atayatoa nani?