Mrejesho: Yule mkunga mstaafu wa Bombo, Uganda

Dada zangu, shikamooni wakubwa. Mwezi wa pili niliwauliza: nimetimiza miaka 60, serikali imenistaafisha ukunga, naamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea halafu sina pa kwenda. Wanangu wanasema, "Mama pumzika, ulee wajukuu." Nilikuwa nalia jikoni peke yangu.

Wengi mlinisihi nisitie kiinua mgongo kwenye biashara nisiyoijua. Ahsanteni, sikukigusa. Mmoja akaniambia nitafute kitu ambacho mikono yangu haikijui. Hilo ndilo lililonibadilisha.

Hapa Bombo wanawake wa Kinubi ni mafundi wa kusuka, na mimi miaka yote nilikuwa nanunua tu. Nikamwendea bibi mmoja jirani. Wiki tatu za mwanzo alinifumulia kila nilichosuka! Ukindu ukikauka unakatika, ukilowana mno unalegea baada ya kusukwa, na rangi lazima uichemshe mpaka ishike. Sasa nina ungo wangu wa kwanza, umepinda upande mmoja, na siuuzi.

Jioni watoto wa jirani huja kibarazani na daftari za Kiswahili. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, wazazi wengi wanatafuta wa kuwasaidia.

Wajukuu bado nawalea, ila Jumanne na Alhamisi ni za ukili. Wanangu wamekubali, ingawa yule mkubwa alinuna kidogo.

Usiku wa Ijumaa bado nawakumbuka wenzangu wa wodini.