Je, aliyevaa magwanda anafaa kuwa jaji wa kimataifa?

Ndugu zangu wa Mwanza na majirani wote wa ziwa,

Juzi pale Mwaloni, Kirumba, mwenzetu mmoja alishikilia kwamba afisa wa jeshi hafai kuwa jaji wa kimataifa, kwa sababu jeshini mtu hufunzwa kutii amri, ilhali jaji hapaswi kupokea amri ya yeyote. Naiheshimu hoja yake, lakini siikubali.

Mfano wangu ni Taghrid Hikmet, aliyetoka katika mahakama za kijeshi za Jordan akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha ikisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Pamoja na Asoka de Silva na Seon Ki Park, alisikiliza kesi ya makamanda wanne, miongoni mwao mkuu wa jeshi Augustin Bizimungu, na hukumu ikatolewa Mei 17, 2011. Katika kesi ya namna hiyo cheo peke yake hakithibitishi kitu. Huna budi kujua kama askari walioua walikuwa kweli chini ya mkono wa mshtakiwa, kama taarifa zilimfikia, na kama alikuwa na uwezo wa kuwazuia au kuwaadhibu. Aliyeishi kambini anajua taarifa ya zamu hupitia kwa nani, na anajua pia visingizio vya maafisa.

Mauaji hayo hayakutokea mbali nasi. Mwaka 1994 maiti zilishuka na mto Kagera hadi ziwani, na bado namwona mama akirudi jioni na beseni la sangara lilelile alilotoka nalo asubuhi, kwa kuwa watu waliogopa kula samaki.

Nakiri kwamba uzoefu wa kambini haumkingi jaji na makosa: Februari 2014 kitengo cha rufaa cha mahakama hiyohiyo ya Arusha kiliwaachia huru wawili kati ya wale wanne, Augustin Ndindiliyimana na François-Xavier Nzuwonemeye.

Ninapokubaliana na mwenzetu ni kuhusu afisa ambaye bado yumo jeshini, kwa maana anayempandisha cheo anaweza pia kumshusha. Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ilizuia mahakama za kijeshi kuwahukumu raia, na uhuru wa mahakama hizo ulikuwa kiini cha shauri. Basi afisa na astaafu kwanza, ndipo ale kiapo cha ujaji. Anayeona hata mstaafu hafai, anieleze ni utii gani unaobaki baada ya kuvua magwanda.