Mjadala: Hii Kenya ya "bila visa" ni ya nani?

Wandugu habari za jioni. Nataka tuongee hii maneno ya wageni kuingia Kenya, kwa sababu kila ikitajwa watu wanasema hayo ni ya watalii na mahoteli, hayatuhusu, na mimi najua yanatuhusu mpaka kwa matanga zetu.

Tukumbushane kidogo. Disemba 12, 2023, siku ya Jamhuri pale Uhuru Gardens, Rais Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mtu kutoka pembe yoyote ya dunia atabeba mzigo wa kuomba visa kuja Kenya. Watu walipiga makofi, na mimi nilifurahi, nina shemeji Mzambia. Januari ikafika na ikaja na eTA, yaani kibali unaomba onlaini kabla hujapanda ndege, dola 30 na makato juu yake, unajaza fomu, unaweka pasipoti yenye bado miezi sita, picha yako, tiketi, na mahali utalala, halafu unangoja siku tatu za kazi. Sasa kama naomba, nalipa, na nangoja mtu anikubali ama anikatae, hiyo si visa ni nini? Mwingereza na Mmarekani walikuwa wanalipa dola 50 za visa ya onlaini, kwao sawa, bei ilishuka. Lakini Mzambia, Mmalawi, mtu wa Botswana, hawa walikuwa wanakuja na pasipoti tu, inagongwa muhuri wanapita. Hao ndio walianza kuomba na kulipa siku ile tulisema hakuna kuomba tena.

Niwaambie ilivyotupata. Dadangu ameolewa Zambia, kule Ndola, miaka mingi sasa. Katikati ya hiyo Januari 2024 baba yetu akaaga, ilikuwa Jumamosi, na mazishi yakapangwa Jumamosi inayofuata nyumbani Machakos. Dadangu ni Mkenya kwa hivyo alipata ndege akaja na mtoto mdogo. Shemeji akaambiwa kuna kitu mpya inaitwa eTA. Akatafuta kwa simu, websaiti ya kwanza ikatokea ina bendera yetu na picha ya simba, akajaza yote, akalipa karibu dola 80, akatulia. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Jumatano usiku nikamwambia anitumie risiti nione, na kumbe ilikuwa websaiti ya matapeli tu, wamechukua pesa na siku nne za watu walio na msiba.

Alhamisi asubuhi tukaanza upya kwa ile ya ukweli. Inauliza atalala wapi, bukingi ya hoteli ama barua ya mwenyeji. Mtu anakuja kumzika baba mkwe anaulizwa hoteli. Nikaenda saiba hapa Kayole nikachapisha barua, nikampelekea mamangu aweke sahihi, na mama alikuwa amekaa kwa mkeka na wamama wa kanisa, akashika kalamu akauliza, "Hii ni ya nini tena?" Nikamwambia ni ya kumruhusu mkwe wako kuja. Alinitazama tu, akaweka sahihi, imepinda hivi. Nikaipiga picha nikatuma. Siku tatu za kazi ni Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu. Jumamosi tukazika. Shemeji alitazama kwa simu, mtoto wa ndugu yangu alikuwa ameishika juu ndio aone kaburi, mtandao unakata unarudi. Kibali kilifika Jumatatu jioni. Akanitumia picha ya skrini na hakuandika neno.

Kwa hivyo mtu akiniambia ni dola 30 tu, ni pesa ya kikombe cha kahawa kwa mzungu, mimi naelewa hiyo hesabu lakini hiyo hesabu haikupigwa na mtu ambaye ndugu zake wako Afrika.

Ni kweli wamerekebisha. Mwaka huo huo wa 2024 waliondolea nchi chache, na Januari 2025 baraza la mawaziri likakubali kuondoa eTA kwa karibu Afrika yote, na katikati ya 2025 ikaanza, mtu anakaa hadi miezi miwili. Nawapongeza kwa hilo bila kusitasita. Lakini ilichukua mwaka mzima na nusu, na katika huo mwaka tuliteremka kwa ile orodha ya Umoja wa Afrika na Benki ya Maendeleo ya Afrika inayopima nchi gani iko wazi kwa Waafrika, tukafika nambari 46 kati ya 54. Jirani zetu Rwanda wako juu kabisa na Benin, Gambia na Ushelisheli. Sisi wenye kutangaza mlango uko wazi tulikuwa karibu na mkia.

Msimamo wangu ni huu, mnipinge kwa heshima: Mwafrika aingie Kenya na pasipoti yake peke yake, kila Mwafrika, na tusitumie fomu kama ukuta. Mnaonaje?

---

Nimerudi baada ya kusoma majibu, ni mengi, asanteni. Wacha nijibu yale mazito.

Wengi mmesema nalia na Waafrika lakini shida kubwa ni wazungu, kwamba wao wanatunyanyasa na sisi tunawafungulia kwa dola 30, tuwatoze vile wanatutoza. Hasira hiyo ninayo pia. Visa ya kutembea Marekani ni dola 185, hazirudi hata ukinyimwa. Ya Uingereza ya miezi sita ilipanda hadi pauni 127 mwaka wa 2025, na ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024. Na pesa si ndiyo mbaya zaidi. Binamu yangu ni fundi wa meno, mtu wa maana, nilimsindikiza ubalozi wa Marekani pale Gigiri saa kumi na mbili asubuhi akiwa na faili ya buluu imejaa, statimenti za benki za miezi sita, hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua ya kazi, hadi picha za watoto wake. Alikaa ndani chini ya dakika tano kwa dirisha na hakuna aliyefungua hiyo faili. Alitoka ameishikilia kwa kifua. Sasa Mmarekani kuja huku ni fomu na dola 30 na hakuna wa kumuuliza kama ana shamba.

Mimi nilikuwa nataka kusema tukipandisha bei tutaumiza dereva wa watalii na mama wa shanga Maasai Market, halafu dada mmoja akaniuliza, mbona Tanzania wanamtoza Mmarekani dola 100 na Serengeti bado inajaa? Hapo dada umenishika. Ni kweli, Mmarekani pale analipa 100 wakati wengine wengi ni 50, na Zanzibar tangu Oktoba 2024 wanaongeza bima ya dola 44 kwa mgeni mtu mzima, na ndege zinatua tu. Mtu ambaye amelipa tiketi na kambi ya Mara hatageuka nyuma kwa sababu ya dola 50. Kwa hivyo naondoa hiyo hoja yangu, sitaitumia tena. Kama serikali inataka kumtoza Mmarekani 100, mimi sina shida.

Lakini msidhani bei ndiyo itafungulia binamu yangu dirisha lile. Angalia Afrika Kusini. Kwa miaka mingi wao walikuwa wanaingia hapa bila tabu na sisi kwenda Johannesburg ni makaratasi na kungoja. Kilichotuokoa si kuwatoza, ni wakubwa kukaa chini, Ruto na Ramaphosa wakakubaliana Novemba 2022, na kuanzia Januari 1, 2023 Mkenya anaenda bila visa siku 90 kwa mwaka. Hiyo ndiyo kazi ya kusukuma. Kila mkutano wa biashara na Ulaya iwe mezani, mnataka chai yetu na maua yetu, na huyu mtu anayewauzia maua mnamhoji kama mwizi? Bei panda ukitaka, lakini bila hiyo kusukuma tutabaki tumekusanya pesa na faili ya buluu iko pale pale.

Kuna ndugu amesema Waafrika wakiachwa waingie bure watajaa hapa wachukue kazi na biashara. Kaka, kuingia kutembea si kibali cha kazi, hizo ni sheria mbili tofauti na ile ya kibali cha kazi haikuguswa. Na nenda Eastleigh asubuhi usimame nje ya zile moli uangalie ni nani anafunga magunia ya nguo, utasikia Kiganda, Lingala, Kinyarwanda. Wanaleta pesa wanabeba mzigo wanarudi kwao. Mganda na Mnyarwanda wanavuka na kitambulisho tu tangu 2014, mimi mwenyewe nimevuka Busia na kitambulisho kwenda harusi na kurudi kesho yake, na hatujaona Kampala ikihamia Nairobi.

Sasa ile ngumu, usalama, na hapa naomba tuongee polepole kwa sababu kuna watu humu walipoteza jamaa. Baraza la mawaziri lilipofungulia Afrika liliacha nje Somalia na Libya kwa sababu ya usalama. Wengi mmeandika mashambulizi ya kigaidi ya Westgate 2013, Garissa 2015, Dusit 2019, mkauliza kama nimesahau. Sijasahau. Nilikuwa kwa matatu Waiyaki Way siku ya Dusit, dereva akazima muziki tukasikiliza redio mpaka Westlands bila mtu kusema kitu. Lakini jiulizeni walioingia kutuua waliingia vipi. Mmoja wa wale wa Garissa alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu wa Mandera, amesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyeongoza wale wa Dusit alikuwa Mkenya pia. Hakuna fomu ya eTA ingewauliza kitu. Na mpaka wetu na Somalia ni mamia ya kilomita za vichaka, mtu mwenye nia mbaya hapandi ndege Mogadishu akiwa ameambatanisha bukingi ya hoteli. Orodha ya abiria inaweza kutumwa na shirika la ndege kabla ndege haijaruka, majina yakapitishwa kwa orodha za wanaotafutwa, hiyo inafanyika nchi nyingi duniani na haihitaji mtu alipe ama angoje siku tatu.

Nakubali moja. Aliyeandika kwamba Somalia haina daftari la watu la kuaminika miaka mingi, kwamba pasipoti yao ni ngumu kuhakikisha, huyo ana hoja na sina jibu la haraka kwake. Pengine hapo panahitaji ukaguzi zaidi kwa muda. Lakini basi uwe na siku za kujulikana, uwe bure, na uwe na njia ya dharura ya msiba na hospitali, inajibiwa siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiki ndicho kinanisumbua. Somalia ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Wengine wote wa Jumuiya wanaingia huku bila eTA. Jirani yangu hapa Kayole ni Mkenya Msomali, ana duka la simu, mamake mdogo yuko Mogadishu na ana ugonjwa wa figo, anataka aje atibiwe hapa. Juzi nimemkuta dukani usiku amefunga mlango nusu, anajaza fomu, amefika pale pa mahali mgeni atalala. Akaniuliza aandike nini, kama akiandika nyumba yake itaonekana ni uongo, ama alipie hoteli ambayo mama hatalala. Nikamwambia tuandike barua, kesho twende saiba ile ile.

Tulienda. Mpaka leo naandika hii bado hajajibiwa. Wale mnasema fomu haina ubaya, mngemwambia nini?