Tupeane uzoefu: wasanii wa Karibi na viwanja vinavyowaponyoka

Wakuu salaam. Nilisoma Port of Spain, Trinidad, kwa miaka miwili, na jioni nyingi nilizimalizia panyadi, uwanja ambao bendi ya stilipani (pani kwa kifupi, ala inayotengenezwa kwa pipa la mafuta) inaweka mapipa yake na kufanyia mazoezi. Wiki za kabla ya Kanivali bendi kubwa huwa na wapigaji hadi 120 wanaojiandaa kwa Panorama, shindano la bendi za pani lililoanza 1963. Wengi hawashiki karatasi ya noti. Anayeupanga muziki anampigia mmoja kipande, naye anampigia wa pembeni, hivyo hivyo mpaka usiku wa manane wimbo mzima umeingia mikononi. Majirani wanakuja na viti vyao.

Bendi niliyoizoea iliambiwa ihame, mwenye kiwanja anataka maegesho ya magari. Pani ni ala ya taifa tangu 1992, lakini bendi yetu haikuwa na hati ya ardhi. Walipata bohari mbali na mtaa. Watu wazima walifuata. Watoto waliokuwa wanang'ang'ania uzio kila jioni hawakufuata, na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu bendi ilikuwa inajizalisha pale pale kwenye uzio. Nyie mmeona nini?

*Mama Nairobi:*
Yangu ni ya Haiti, nilikuwa huko na shirika la misaada. Pipa ni lile lile la mafuta, ila mafundi wa Noailles, mtaa wa mji wa Croix-des-Bouquets karibu na Port-au-Prince, wanalichoma ndani, wanalipasua, wanalilaza bapa kwa nyundo, kisha wanachonga kwa patasi. Kazi hiyo ilitokana na Georges Liautaud, mhunzi aliyekuwa akifua misalaba ya makaburi. Nilinunua nguva wa bati, bado yuko ukutani kwangu.

Magenge yaliposhika eneo lile, fundi wangu alikimbia na familia. Polisi wetu walipotua Port-au-Prince Juni 2024 nilimtumia ujumbe. Alijibu kwamba patasi anazo, mahali pa kugongea ndipo hana. Wamebanana kwa ndugu, nyundo ikilia mara mbili tu, watoto wachanga wanaamka. Mikono mizima, kazi imekufa. Sijapata la kumwambia hadi leo.

*Baba Zu, Toronto:*
Poleni sana. Hata Desperadoes, bendi ya pani ya mtaa wa Laventille huko Port of Spain, pamoja na jina lao kubwa, walishuka kilimani kwao kwa sababu ya risasi. Huku bendi ya binti yangu imehama mara tatu, kila mara ni malalamiko ya kelele. Mkuu uliyeanzisha uzi, hao watoto wa uzio msiwaache. Sisi wazazi tunapokezana magari kila Jumamosi, tunawapeleka watoto wetu mazoezini na kuwarudisha. Wawili kati yao sasa wanafundisha wenzao.

*Mwanzisha uzi:*
Asante Baba Zu. Nimempigia dada mmoja wa ile bendi asubuhi hii. Anasema gari hawana, ila kuna mwalimu amewaruhusu waache pani sita kwenye stoo ya shule, karibu na kiwanja cha zamani. Ijumaa iliyopita walikuja watoto kumi na mmoja.