Naomba ushauri: trekta dogo linalemewa na mashine ya kukatakata matawi

Habari za kazi wakuu. Niko Masindi, Uganda, nina trekta la nguvu farasi 25 na mashine ya matawi inayozungushwa na PTO (shafti ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine). Nataka vipande vya mikaratusi na grevilia vya kufunika mashina ya kahawa kabla ya kiangazi cha Desemba. Matawi membamba yanapita vizuri. Tawi bichi likifika unene wa kifundo cha mkono, mzunguko wa PTO unashuka chini ya 540 kwa dakika, injini inanguruma, mara boliti ya usalama (ile ya kukatika kwanza ili mashine isivunjike) inakatika taf! Visu vimenolewa juzi. Je, pengo kati ya kisu na chuma cha kukatia liwe kiasi gani? Fundi anasema niweke boliti ngumu zaidi. Naona huko ni kuhamishia hasara kwenye giaboksi. Wenye uzoefu, ninyi mnailishaje mashine matawi manene?