Tupeane uzoefu: nyumba zenye vyama viwili, sinia moja na ngoma moja, Mtwara na Lindi

Mwanzisha mada, Mikindani

Ndugu zangu wa Kusini, salamu kwenu nyote.

Kila uchaguzi unapokaribia nasikia habari za posa iliyokataliwa kwa sababu ya chama, za ndugu waliosusiana maziko, na za baraza lililogawanyika hadi kila upande ukatafuta muuza kahawa wake. Habari hizo ni za kweli na sizipuuzi. Hata hivyo, tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, zipo nyumba nyingi sana katika mikoa yetu hii miwili ambazo zimelea vyama viwili au vitatu chini ya paa moja, zikaendelea kula pamoja na kuchezeana ngoma, na sijaona mtu akikaa chini kuandika zimewezaje kuishi hivyo na kuridhika. Naomba tupeane uzoefu. Nawasihi tusiandikiane mawaidha. Kila mmoja aeleze yaliyomtokea, kilichopikwa, kilichopigwa na maneno yaliyosemwa.

Naanza mimi. Baraza letu la hapa Mikindani hukusanyika baada ya alasiri, muuza kahawa anapofika na dele lake na kashata za nazi, na bao linatandikwa hadi karibu na magharibi. Wazee wawili ndio nguzo ya baraza hilo. Mmoja ni mwana CCM ambaye kadi yake ya kwanza ilikuwa ya TANU, na mwenzake aliingia CUF katika miaka ya tisini, kisha mwaka 2019 akahamia ACT-Wazalendo pamoja na wengi waliomfuata Maalim Seif. Hubishana juu ya bandari, barabara na gesi kwa sauti ambayo mgeni akipita hudhani watashikana mashati. Lakini sijapata kumsikia hata mmoja akimtukana mwenziwe. Nilipomuuliza yule wa upinzani sababu yake, alinijibu bila kuinua macho kwenye bao: "Nikifa mimi, huyu ndiye atakayeshuka kaburini kunipokea. Nimwambie neno gani leo ambalo kesho litamzuia kushuka?"

Mimi naamini siri imo humo. Watu wanaoelewana licha ya vyama vyao ni wale wenye kazi ya pamoja ambayo chama hakiwezi kuifanya kwa niaba yao, iwe ni kuzika, kupika shughuli, kutoa wali (vijana wanaomaliza jando) au kupiga ngoma. Karibuni.

Mama wa Mtanda, Lindi Mjini

Mwanzisha mada, shikamoo. Ya kwangu yalitokea mwaka 2010, jimbo letu la Lindi Mjini lilipomchagua Salum Barwany wa CUF, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge katika nchi yetu. Mimi nilikuwa upande wake waziwazi. Mume wangu alikuwa CCM kindakindaki, mwenye shati la kijani la kwendea mikutanoni, na shati hilo nilikuwa nalipiga pasi mimi.

Tuliishi na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa CUF kunizidi lakini alimpenda mwimbaji wa taarabu Khadija Kopa kupita kiasi. Gari la matangazo la CCM lilipopita mtaani likipiga taarabu ya TOT, kundi la CCM alimoimba huyo Khadija, alitoka jikoni mikono ikiwa bado ina unga, akajifunga kanga kiunoni, akacheza pale barazani mpaka gari likakata kona. Jirani akamuuliza kama amerudi chama tawala. Akamjibu: "Nimecheza, sijajiandikisha," akarudi kwenye chapati zake. Watoto wangu waliliona jambo lile, na hadi leo hawajawahi kumsuta mtu kwa muziki anaoupenda.

Usiku wa matokeo nilikuwa nimepika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Mume wangu akakataa kula, akakaa upenuni na redio yake. Sikumwita, kwa sababu furaha yangu ilikuwa inaonekana usoni na nilijua sauti yangu ingemchoma. Mama mkwe ndiye aliyemfuata, akamwambia kwamba mbunge hakumpikia, aliyepika ni mkewe, na changu akipoa hafai. Akaingia, akanawa, akala, na asubuhi yake tukazungumza habari za ada ya shule. Jimbo liliporudi CCM mwaka 2015, zamu ya kununa ikawa yangu. Mume wangu hakunipigia kelele za ushindi. Alirudi jioni na pweza, akampika mwenyewe kwa tui zito, na mnajua mwanamume wa Lindi kuingia jikoni kunasema nini.

Mkulima, Tandahimba

Nimesoma kwa heshima, na ninakubaliana na mengi, lakini naomba nitofautiane na upande mmoja wa mada hii. Kuna watu hutumia neno kuridhika kumnyamazisha mwenye madai. Sisi wakulima wa korosho tumeambiwa hivyo mara nyingi: ridhikeni, nchi ni maskini, bei itapanda. Mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani kuweka korosho ghalani ziuzwe kwa mnada, ulianza katika msimu wa 2007/2008, na tangu hapo kila nyumba ya huku ina mabishano yake juu ya makato, juu ya mnada, na juu ya siku ambayo fedha zitaingia. Nisingependa mabishano hayo yafe kwa ajili ya amani ya mezani.

Kwetu tuliyapitia msimu wa 2018, wanunuzi waliposusiwa kwa bei ndogo na Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia vijijini kuzibeba. Kaka yangu aliona ni ukombozi, kwamba mkulima amelindwa dhidi ya walanguzi. Mimi niliona tofauti, kwa kuwa malipo yalichelewa, watoto walikuwa wanadaiwa shuleni, na majirani ambao tayari walikuwa wameuza kwa kangomba, yaani nje ya mfumo rasmi, bakuli kwa bakuli ili wapate fedha ya chakula, walikuwa wakitazamwa kama wahalifu. Tulifikia hatua ya kutopeana salamu vizuri.

Kilichotukutanisha ni korosho zilezile. Tulikuwa na masalia ya daraja la pili ambayo mama alitaka yabanguliwe kwa ajili ya shughuli ya dada yetu, na kukaanga korosho si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anageuza kwa mti mrefu kwenye bati lenye matundu, mafuta ya ganda yanawaka moto na kutoa moshi mzito unaokata kifua, na mwingine anasubiri na mchanga ili amwage upesi kabla kokwa hazijaungua. Ukichelewa kidogo umepata mkaa, ukiwahisha ganda halipasuki. Pale huwezi kumnunia mwenzio, maana lazima mwambiane "sasa!" na muaminiane. Tulipoketi kugonga kwa mawe, vidole vikiwa vimeshapakwa majivu ili mafuta yasituchubue, ndipo tulipozungumza hesabu yote upya, kilo kwa kilo. Hakuhama msimamo wake wala mimi sikuhama wangu. Lakini msimu uliofuata tulikwenda pamoja kwenye mkutano wa chama cha msingi, na yeye ndiye aliyesimama kuuliza habari za makato. Ndugu yangu nimeridhika naye. Makato sijaridhika nayo, na sidhani kama mambo hayo mawili yanagombana.

Binti wa Newala

Kwetu ni ming'oko, viazi vya porini. Mama na shangazi hawaonani jicho kwa jicho tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa 1995, mmoja anasema nchi ilipata kiongozi mwema, Rais Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, jirani zetu kabisa, na mwingine anasema ujirani huo haukutuletea maji juu ya uwanda. Yote mawili yana ukweli wake, na aliyewahi kubeba ndoo kwenye mteremko wa Makonde anajua shangazi anazungumzia nini. Hata hivyo kiangazi kikifika huingia porini pamoja kuchimba, kwa sababu mmoja anayajua majani ya mng'oko na mwingine ana mkono wa kuchimba bila kuukata. Wakirudi huichemsha kwa chumvi, tunamenya na kula kwa chai, na nimegundua kwamba siasa huwa wameimaliza hukohuko porini.

Mkazi wa Chikongola, Mtwara Mjini

Mimi naona vigumu kidogo kuandika, kwa sababu ya kwetu ni ya mwaka 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi, na wapo waliopoteza watu wao. Naomba mnisome mkikumbuka hilo.

Nyumbani tulikuwa vijana watatu wa mama mmoja. Kaka mkubwa alikuwa amepata matumaini ya ajira kwenye kampuni iliyokuja na shughuli za gesi, akaona mradi wa kupeleka bomba Dar es Salaam ni wa taifa na hauna budi kuendelea. Wa pili alikuwa na wale waliosema gesi isitoke kabla Mtwara haijaona kiwanda hata kimoja. Mimi nilikuwa katikati, nikitamani maswali yajibiwe na watu wasiumie. Mwezi wa tano mambo yalipochafuka, tulifungiwa ndani sote pamoja, maduka yamefungwa, sokoni hakuendeki, na hapakuwa na mahali pa kuyakimbia mazungumzo.

Tulikuwa na makopa ya muhogo kwenye gunia na kisamvu nyuma ya nyumba. Mama aliwaweka wale wawili kwenye kinu kimoja. Mnajua namna watu wawili wanavyotwanga kisamvu, mchi mmoja unapanda wakati mwingine unashuka, na ukikosa mapigo mnagongana mikono. Walianza kwa hasira, mapigo yakawa ya kuchapana. Kisha kaka mkubwa akaanza kuimba wimbo wa jandoni ambao sitauandika hapa, kwa kuwa si wa kila sikio, na mdogo akamwitikia kwa mazoea tu, kabla hajakumbuka kwamba amenuna. Wakaumaliza wote. Mama aliungia tui la nazi la mwisho lililokuwapo, tukala ugali mweusi wa makopa, na huku nje bado ni kimya cha wasiwasi.

Bomba lilijengwa na kuzinduliwa mwaka 2015. Kaka mdogo hajabadili mawazo yake, na kila umeme unapokatika huyasema upya. Kaka mkubwa kazi ile hakuipata. Wanauza samaki pamoja sasa hivi pale feri.

Mzee wa Rahaleo, Lindi

Wanangu, marahaba kwa salamu zenu. Nawakumbusha kwamba kugawanyika kwetu hakukuanza na vyama vya siasa. Bibi yangu alikuwa akinisimulia habari za beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika nzima wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Miji ya pwani, Lindi ikiwamo, iligawanyika kati ya Marini na Arinoti. Walivaa sare, walijipa vyeo vya kijeshi, walipiga tarumbeta na kuandamana, na kila upande ulijitahidi kuushinda wenzao kwa karamu, maana ushindi haukuwa wa ngoma peke yake. Upande uliolisha watu wengi zaidi ndio uliosifiwa. Familia ziliuza hata vitu vya thamani ili zisiaibike kwa pilau.

Bibi alikuwa Arinoti na aliolewa na Marini. Siku za mashindano alirudi kwao, akapika na kucheza na wenziwe, na ngoma ikiisha alirudi kwa mumewe, naye mume hakuulizwa wala hakuuliza. Kilichowasaidia, kwa jinsi alivyonieleza, ni kwamba ushindani ulikuwa na siku yake na uwanja wake, na watu walijua ulipoishia. Siasa za sasa haziishi, zimo kwenye simu tangu alfajiri hadi mtu anapolala, na hilo ndilo ninalolihofia kuliko tofauti zenyewe.

Mwanzisha mada, Mikindani

Mzee wetu wa Lindi, shikamoo, na asante sana. Umenionyesha upande ambao sikuuona nilipoanza. Mkulima wa Tandahimba, nimekuelewa, na nakubali kwamba amani ya mezani isinunuliwe kwa ukimya wa mkulima. Wazee wangu wa barazani nao hawanyamazi. Dada wa Newala, ningependa kujua: hayo ya porini huwa wanayamaliza kwa kukubaliana, au kwa kuchoka?

Binti wa Newala

Kwa kuchoka, kaka. Ming'oko iko chini sana.

Mwalimu, Nachingwea

Nachangia kuhusu hilo la simu alilolitaja mzee, kwa sababu limetugusa. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa ajili ya michango ya shughuli. Uchaguzi ulipokaribia likageuka uwanja wa matusi, watu wakaanza kujitoa, na waliojitoa wakaacha pia kuchanga. Tatizo likajitokeza pale vijana wetu walipokaribia kutoka jandoni, kwa kuwa kutoa wali kunahitaji mchele, mbuzi, nguo mpya, na zaidi ya yote wapigaji. Mpigaji wetu bora wa ngoma kubwa alikuwa miongoni mwa waliojitoa. Bila yeye sindimba huwa ni kelele tu. Vijana wanajua kugonga, lakini hawajui kumwita mchezaji.

Shangazi yetu mkubwa hakuandika kitu kwenye kundi. Alipanda pikipiki akaenda kwa kila aliyejitoa, nyumba kwa nyumba, akila anachokuta, na hakutaja chama chochote. Kwa yule mpigaji alikula ugali wa mtama na mlenda, akamwambia tu tarehe na saa. Mpigaji akaja na ngoma zake. Usiku ule walicheza waliotukanana, tena wale wenye visa vikubwa zaidi ndio waliosukumwa katikati ya duara, kila mmoja akitakiwa kumjibu mwenziwe kwa kiuno.

Tangu hapo kundi limegawanywa: moja la michango, ambalo siasa haiingii na shangazi ndiye msimamizi, na jingine la siasa kwa wanaotaka. Mimi nimo katika yote mawili. Lile la siasa lina watu wachache kuliko nilivyotarajia, na mabishano yake yamekuwa na adabu zaidi, kwa sababu kila anayeandika anajua kwamba mwezi ujao atakutana na mwenzake kwenye mahesabu ya mchele. Wenzetu wa Liwale na Kilwa, bado hamjasema ninyi mnafanyaje.